Afisa Utumishi ni wa Nani?

Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wasomaji wetu.



Hapa Chanji, mtaa wa pili kutoka ninapokaa, yupo mzee mmoja ambaye alistaafu mwaka jana. Siku moja nilimkuta barazani kwake amemwaga karatasi juu ya mkeka, pembeni kuna bahasha ya kaki iliyochakaa mpaka imeshonwa kwa uzi. Karibu miaka 40 ya utumishi wake ilikuwa pale mkekani: barua ya ajira ya mwaka 1986, barua za uhamisho, barua za kupandishwa daraja, hati za mshahara za enzi zile zilizofifia wino. Karatasi moja tu ilikosekana, barua ya kuthibitishwa kazini. Ofisi aliyostaafia, ambayo sitaitaja, ilimweleza kwamba hata katika jalada lake barua hiyo haimo, na kwamba bila hiyo karatasi za mafao yake haziwezi kwenda mbele.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unayesema redioni, hebu nisaidie swali moja. Huyu afisa utumishi ni wa nani? Ni wa mkurugenzi au ni wetu sisi?"

Nilimwahidi mzee kwamba nitalijibu hewani. Nikadhani ni jambo la dakika tano. Nilipoanza kulifikiria nikaona kwamba haliwezi kujibiwa bila kurudi nyuma sana, kwa sababu ofisi hii ya kusimamia watu kazini imebadilisha jina mara nyingi kuliko ofisi nyingine yoyote ninayoijua. Imekuwa ya nyapara, ya meneja wa kambi, ya afisa mwajiri, ya afisa utumishi, na siku hizi ni ya mkuu wa usimamizi wa rasilimali watu. Kila jina lilikuja na ahadi yake.

Naomba nianzie hapa hapa Ufipa, maana tuna tabia ya kudhani kwamba uongozi wa watu kazini uliletwa na meli.

Ukipita vijiji vya uwanda huu wa juu, utaona hadi leo mabaki ya tanuru za udongo ambazo babu zetu walizitumia kuyeyushia mawe ya chuma. Kwa Kifipa tanuru hiyo ni ilungu, na zikiwa nyingi ni malungu. Nyingine zilifikia kimo cha mita tatu hivi. Ilungu haikupulizwa kwa mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, moto ukapanda siku kadhaa, halafu chuma kile kikasafishwa katika tanuru ndogo zaidi iliyopulizwa, ndipo kikaenda kwa mhunzi kufuliwa majembe. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Kulikuwa na wa kuchimba mawe, wa kukata miti na kuchoma makaa, wa kujenga, wa kupanga. Juu yao alikuwapo fundi mkuu, mwenye kikapu cha dawa. Yeye ndiye aliyejua nani awekwe wapi, ndiye aliyesimamia miiko, ikiwamo ule wa watu kutolala na wake zao muda wote wa kazi, na chuma kisipotoka ndiye aliyepaswa kutafuta kosa liko wapi. Wengine watasema huo ni uchawi. Mimi naona pia kwamba fundi yule alikaa kambini na watu wake, akala walichokula, akafunga miiko ile ile aliyowafungia, na tanuru ikishindwa alishindwa pamoja nao. Nawaomba wasikilizaji walikumbuke jambo hilo, kwa kuwa baadaye tutalitafuta na hatutaliona.

Moto wa malungu ulizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, jembe la dukani lilipoingia na kodi ikadai fedha taslimu. Kijana wa Ufipa aliyetaka shilingi za kodi aliziona mbali: kwenye mkonge wa Tanga, kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, au kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Na kokote alikokwenda, mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mwenye daftari.

Daftari hilo lina historia yake. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, utawala wa Kijerumani ulianzisha kadi ya kazi. Mwanamume wa huko alitakiwa kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa, na siku ikitimia kadi inatiwa alama. Asiyejaza kadi yake alikabiliwa na kazi za serikali. Waingereza nao wakaja na sheria yao ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, ambayo chini yake kibarua aliyetoroka mkataba aliweza kutozwa faini au kufungwa jela. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, babu wa jalada la mtumishi ni kadi ile. Haikuandikwa ili mfanyakazi akumbukwe siku ya mafao yake. Iliandikwa ili akikimbia ajulikane.

Kuwa mkweli, walikuwapo pia walioliona hilo si sawa. Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Meja Orde-Browne, mtu aliyetembea kuangalia vibarua wanalala wapi, wanakula nini na wanakufa kwa nini njiani. Mdororo wa uchumi ulipobana, mwaka 1931 idara ile ikafungwa ili kupunguza matumizi. Sina la kuongeza hapo. Wafanyakazi wa leo wanajua bajeti ikibana kinachokatwa kwanza ni nini.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU. Magari yake yalifika hadi pembe za nchi. Mtu aliandikishwa, akapimwa afya, akapewa namba, akasafirishwa. Wakaitwa manamba, na neno hilo bado limo katika Kiswahili chetu. Sijui kama kuna tusi la kiofisi lililo zito kuliko hilo, mtu kuitwa kwa namba yake mpaka jina la kabila lote la wafanyakazi likawa namba.

Wakati huo huo Ulaya ofisi ya watumishi ilikuwa imezaliwa kwa sura nyingine. Mwaka 1896 kiwanda cha peremende na chokoleti cha Rowntree katika mji wa York, Uingereza, kilimwajiri mama mmoja aitwaye Mary Wood aangalie hali za wasichana wa kiwandani: nani mgonjwa, nani ana njaa, nani anasumbuliwa. Mwaka 1913 watu wa kazi kama yake walikutana York na kuunda chama, na chama hicho ndicho kilichokua hata kuwa chama kikuu cha wataalamu wa utumishi cha Uingereza. Huko ofisi ilianza kwa kumuuguza mtu. Kwetu ilianza kwa kumhesabu.

Sasa nataka tuvuke mpaka wa Kasesya, tupite Mbala, twende mpaka Luanshya, kwenye mgodi wa Roan Antelope. Nakaa hapo kidogo kwa sababu wazee wa huku walikwenda huko kwa miguu, na kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo swali la mzee wangu lilijibiwa waziwazi kama pale.

Mgodi ulikuwa na kambi ya wafanyakazi Waafrika, na kambi ilikuwa na meneja wake, Mzungu. Huyu bwana alishika kila kitu. Yeye ndiye wa kuajiri, wa kugawa nyumba, wa kutoa posho ya unga, wa nidhamu, na hata mke na mume wakigombana shauri lilifika kwake. Mwaka 1931 aliona kazi imemzidi na watu hawamfikishii yaliyo moyoni. Akaunda baraza la wazee wa makabila wa kumletea malalamiko ya watu wao na kuwapelekea maagizo yake. Kwa macho ya ofisi, mambo yakawa shwari. Taarifa zikapanda, maagizo yakateremka.

Mwezi Mei mwaka 1935 ikatangazwa kodi mpya. Mgomo ukaanza Mufulira, ukaenda Nkana, na tarehe 29 Mei ukafika Luanshya. Umati ulikwenda wapi? Haukwenda shimoni wala nyumbani kwa mkubwa wa mgodi. Ulikwenda kwenye ofisi ya meneja wa kambi, ile ile iliyokuwa ikiwasikiliza. Polisi wakafyatua risasi, wakafa watu 6 na wengine zaidi ya 20 wakajeruhiwa. Wale wazee wa baraza hawakuwa na la kusema lililosikilizwa na mtu yeyote siku ile. Walikuwa wamekaa upande wa meza ya ofisi muda mrefu mno.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1949 wachimbaji waliunda chama chao cha wafanyakazi, na mwaka 1953 wakapiga kura kama wanataka wawakilishi wale wa kikabila waendelee. Kwa wingi mkubwa walikataa. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1950, meneja wa kambi akabadilishwa cheo, akaitwa meneja utumishi wa Waafrika. Ofisi ikabaki palepale. Kilichomfanya aitwe jina la heshima zaidi si semina wala kitabu. Ni kwamba sasa kulikuwa na chama mbele yake.

Huku kwetu mwendo ulikuwa huo huo. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma na mgomo ukafuata reli hadi bara. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Kampuni kubwa nazo zikaanza kutafuta Mwafrika aliyesoma wa kumweka katika ofisi ya kuajiri, ajue kuzungumza na watu. Wengi wetu tuliokua miaka ya mwanzo ya Uhuru tuliwajua hao kwa jina la afisa mwajiri, mwenye suti ya kaki, kalamu mbili mfukoni na mlango wenye foleni.

Uhuru ulipokuja, kwa mara ya kwanza dola yenyewe ilihitaji watu kwa haraka kuliko mlowezi alivyowahitaji. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano ulioanza mwaka 1964 uliweka shabaha kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake. Basi maneno mawili yakaingia katika maisha ya kila ofisi na hayajatoka hadi leo. Ikama, yaani idadi ya nafasi na watu wanaotakiwa kuzijaza. Na tange, ile orodha ya nani alianza lini, yuko cheo gani, nani anamtangulia nani. Mtumishi aliyeona jina lake limerukwa kwenye tange hakulala. Shule ya serikali za mitaa iliyokuwa Mzumbe tangu 1953 ikageuzwa mwaka 1972 kuwa chuo cha uongozi wa maendeleo, IDM, na maafisa utumishi wengi wa nchi hii walipita pale kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 2001.

Mwaka huo huo wa 1964 ikatungwa sheria ya kulinda ajira. Mwajiri hakuweza tena kumwambia mtu asubuhi "chukua chako uende". Makosa yaliorodheshwa, adhabu zikaorodheshwa, na kamati ya wafanyakazi ikapewa nafasi ya kuulizwa kabla mtu hajafukuzwa. Naiona sheria hiyo kama siku ya kuzaliwa kwa afisa utumishi wa Tanzania tunayemfahamu. Kuanzia hapo alilazimika kuandika. Onyo la kwanza, onyo la pili, maelezo ya mtuhumiwa. Jalada likaanza kuwa na kurasa za pande mbili.

Ukaja mwaka 1970 na waraka wa Rais wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi. Ukaja mwaka 1971 na Mwongozo wa TANU, ambao uliwakataza viongozi kuwa na majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi waliusoma Mwongozo kuliko mameneja walivyotarajia. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilitokea katika viwanda na makampuni kadhaa ya Dar es Salaam, na ukichunguza madai yao utashangaa. Mara nyingi halikuwa suala la mshahara. Ni meneja anayetukana, anayependelea, anayefukuza bila sababu. Watu waliwafungia milango wakubwa wao. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, wafanyakazi walimtoa mwenye kiwanda na wakaendelea kuzalisha wenyewe.

Na meneja utumishi alikuwa wapi siku hizo? Mara nyingi alikuwa miongoni mwa waliofungiwa nje. Namwonea huruma kiasi. Juu yake alikuwapo meneja mkuu, ubavuni tawi la chama cha siasa na tawi la NUTA, mbele yake baraza la wafanyakazi. Kila mmoja alimwambia yeye ndiye aliyeshika hatamu. Aliyeweza kusimama wima katikati ya hao wote alihitaji moyo kuliko cheti. Wengi walichagua njia rahisi, wakawa matarishi wa barua za meneja mkuu, na barua zenyewe nzito nzito.

Nije kwenye jambo ambalo nadhani vijana wengi hawalijui. Siku hizi tunasikia "rasilimali watu" kama msamiati mpya uliotua na kompyuta. Lakini mwaka 1983 Bunge lilipitisha sheria ambayo kwa Kiingereza jina lake lilikuwa na maneno hayo hayo. Sisi tuliiita Nguvu Kazi. Chini ya sheria hiyo, mtu aliyekutwa mjini hana kitambulisho cha kazi inayotambulika alikamatwa akarudishwa kijijini au akapelekwa mashambani, yakiwamo ya mkonge. Mama lishe, muuza karanga, mshona viatu, wote walijificha. Yaani mara ile dola ilipomwita mtu rasilimali, ilimpakia kwenye lori. Nayakumbuka hayo kila ninapoona kibao kipya cha rangi ya bluu mlangoni mwa ofisi.

Miaka ya 1990 sihitaji kuieleza kwa kirefu, walioipitia wapo. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma iliundwa 1992, na serikali yenyewe ikaanza kupunguza watumishi. Kutoka takribani watumishi 355,000 mwanzoni mwa muongo, walibaki takribani 264,000 ulipofika mwaka 2000. Kazi ya afisa utumishi ikawa kuandaa orodha. Mtu alikuwa anajua hali yake kwa kutazama uso wa karani wa masijala. Nasema hivi bila kumlaumu aliyekuwa akiagizwa, ila naomba ikumbukwe kwamba orodha zile zilitoka kwenye majalada. Aliyekuwa na jalada lisilo na barua zake alikuwa mwepesi kuondoka. Wapo waliotoka wakiwa na miaka 20 kazini na malipo ya miaka 12, kwa sababu miaka mingine 8 haikuonekana popote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa haraka. Ikaja sheria ya utumishi wa umma ya 2002, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004, na mwaka huo wa 2004 ule utaratibu wa wazi wa kupima utendaji, OPRAS, ambapo mtumishi na mkuu wake walitakiwa kukaa pamoja wakubaliane malengo. Wazo zuri sana. Katika ofisi nyingi fomu zilijazwa siku moja jioni, wote wakapeana alama nzuri, zikafungiwa kabatini. Tangu mwaka 2023 umewekwa mfumo mwingine wa kielektroniki, na mtumishi anaandika kazi zake kwenye simu au kompyuta. Cheo nacho kimepanda. Mkuu wa rasilimali watu sasa anakaa kwenye kikao cha menejimenti, anaulizwa juu ya mipango na mikakati. Wataalamu wa Marekani na Ulaya wamekuwa wakihimiza hivyo tangu miaka ya 1990, kwamba ofisi hii iache kuwa ya makaratasi iwe mshirika wa uongozi.

Sina ugomvi na hilo. Lakini tazama kilichotokea 2016 na 2017. Serikali ilipoanza uhakiki, walipatikana maelfu ya watumishi hewa, watu waliokuwa wanalipwa na hawapo. Kisha tarehe 28 Aprili 2017, huko Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti, na waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Waliondolewa. Ilipofika Mei Mosi ya 2022 Rais Samia alielekeza warejeshewe michango yao ya hifadhi ya jamii. Nchi nzima ilijadili aliyeghushi. Ni wachache waliouliza kuhusu aliyekipokea cheti kile, akakibandika kwenye jalada, akaandika "nimehakiki". Mtumishi hewa hawezi kulipwa bila jalada hewa, na jalada halijiandiki lenyewe. Nani kati ya wale wenye ofisi zile alimwendea mkubwa wake akamwambia, "Mheshimiwa, huyu mtu hayupo"? Bila shaka wapo waliosema. Hatukuwasikia.

Na sisi wa Rukwa tuna hesabu yetu wenyewe. Mkoa huu ulipoanzishwa mwaka 1974, kupangiwa Sumbawanga kulikuwa kama adhabu. Barabara ilikuwa vumbi na matope hadi ilipojengwa lami ya Tunduma miaka ya 2010. Halafu lile jina! Kila anayekuja ameshasimuliwa kwamba Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi, na anakuja kama vile uchawi wenyewe ulitupwa upande wake. Walimu na wauguzi waliripoti Jumatatu, Ijumaa wakapanda basi kurudi walikotoka. Wengine hawakuripoti kabisa.

Basi namfahamu afisa utumishi mmoja wa zamani, marehemu sasa, ambaye hakuwahi kusikia neno mkakati. Mwalimu mpya akishuka kwenye basi, yeye alikuwa kituoni. Alikuwa ameshazungumza na mwenye nyumba. Alikuwa ameshambana mhasibu juu ya fedha za kujikimu, na mhasibu akisema hazijaja, alikopa kwa mwenye duka kwa jina lake mwenyewe. Aliwapeleka wageni kanisani au msikitini, kila mtu na kwake, wakatambulishwa. Kituo chake kilikuwa na walimu wakati vituo vya jirani vimebaki na mwalimu mkuu peke yake. Mkubwa wake aliwahi kumkemea mbele ya watu kwa kupoteza muda kwenye mambo madogo. Alikula ugali na waliokula ugali, na shule isipokuwa na mwalimu ilikuwa imeshindwa na yeye ameshindwa nayo. Nikimkumbuka, namkumbuka na yule fundi wa ilungu.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu ni hili. Kwa sheria, afisa utumishi ni wa mwajiri, na ndivyo ilivyokuwa tangu kadi ya Wilhelmstal. Analipwa na mwajiri, anamwakilisha mwajiri. Kila alipokuwa wenu kidogo, ni kwa sababu palikuwa na chama, au sheria, au kamati, au mtu mwenye dhamiri aliyekalia kile kiti. Na sehemu ya ofisi ile iliyo yenu siku zote ni moja, jalada. Mwajiri anaweza kubadilika, shirika likabinafsishwa, mkurugenzi akahamishwa, ila miaka ile 40 ni ya mtu mmoja tu duniani. Ndiyo sababu mimi nikimpima mkuu wa rasilimali watu simwulizi mpango mkakati wake. Namwomba anioneshe masijala.

Nimemaliza historia, nirudi mkekani Chanji. Juma lililopita, mzee alinitumia mjukuu wake aniite. Nilipofika nikamkuta amevaa shati jeupe. Ilikuwa hivi. Katika ofisi ile kuna binti ameajiriwa si zamani, ndiyo kwanza anajifunza kazi. Alisikia habari ya mzee, akaomba ufunguo wa chumba cha majalada ya zamani, akakaa humo siku mbili na kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Mkubwa mmoja akamuuliza kama yule mzee ni ndugu yake. Akajibu hapana. Siku ya pili jioni akaiona. Barua ya kuthibitishwa kazini ya mwaka 1987 ilikuwa ndani ya jalada la mtu mwingine mwenye majina mawili kama ya mzee, aliyehamia mkoa mwingine zamani na kufariki huko. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, aliiweka pasipo pake na hakutazama namba.

Mzee alinionesha nakala. Pini ilikuwa imeacha alama ya kutu kwenye kona. Aliniuliza kama ninajua mahali hapa mtaani penye mashine nzuri ya kutoa fotokopi, maana anataka nakala tatu: moja ya kwake, moja ya binti yake aliye Mbeya, na moja ampelekee yule msichana wa ofisini aiweke katika jalada linalohusika, mbele ya macho yake.